Mkono wa Idi kwa dada zangu wa mtandaoni

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Idi Mubarak, ndugu zangu. Mwezi umeandama. Allah atutakabalie funga zetu, sala zetu na sadaka zetu, na awarehemu wale tuliofuturu nao mwaka jana na leo hatunao.

Jana usiku nimekaa jikoni nakaanga visheti, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, namtazama dada mmoja wa Unguja anayepaka hina. Uso wake sijawahi kuuona. Naona mikono tu, koni inavyotembea kutoka kiganjani hadi kwenye kifundo, ua baada ya ua, na sauti yake ikimwambia mteja, "Usikunje kidole, mwanangu." Mwenyewe husema ada ya wanawe inatoka kwenye koni hiyo.

Nayasema haya kwa sababu Ramadhani hii nimesoma maneno makali mno chini ya video za dada zetu. Mmoja kaweka darsa la tajwidi kwa wanawake wenzake, akaambiwa sauti yake ni uchi. Mwingine kaonyesha buibui lake jipya, akatukanwa na watu waliokuwa wamefunga. Iliniuma. Siti binti Saad wa Fumba, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na sauti yake ikaingia majumbani pwani nzima. Bibi zetu nao, neno lisilosemeka mdomoni walilivaa kiunoni, limeandikwa kwenye kanga. Hayo yote simu hizi za mkononi hazijazaliwa.

Alfajiri binti yangu kanitumia salamu, mwishoni kaweka ile emoji ya mwanamke aliyejifunga mtandio. Nikamweleza kuwa iliombwa na msichana wa Kisaudia aliyekuwa akiishi Ujerumani, Rayouf Alhumedhi, umri wake miaka 15 tu alipoandika ombi lake mwaka 2016. Mwaka uliofuata ikaingia kwenye simu zetu. Akaniuliza, "Aliandika tu, mama?" Aliandika tu, mwanangu.

Basi dada zangu, leo wekeni mnachotaka kionekane, na msichotaka kibaki kwenu. Anayetukana mzuieni, msijibizane naye siku ya Idi. Nanyi kaka zetu, mkiona mwanamke anatukanwa, mteteeni pale pale, hadharani. Huo ndio mkono wa Idi ninaouomba kwenu mwaka huu.

Kaimati zipo, mlango uko wazi. Kullu aam wa antum bikheir.