Barua kwa Masalu: Deo na Neema wanahesabiwa wapi?

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Masalu,

Hatujambo huku. Mvua ya juzi imetuharibia dagaa waliokuwa kwenye vichanja, lakini tunaendelea.

Tangu upande meli kurudi Nansio nawaza lile neno lako pale mwaloni. Ulisema kwa uchungu kwamba mdogo wako Deo ana miaka sita anachomelea mageti Kampala, kila mwezi anatuma hela, tena ndiye aliyemjengea mama nyumba, halafu mimi mwalimu wa uchumi nakwambia mshahara wake haumo katika pato la Tanzania. Nilikujibu mbiombio kwa sababu honi ilishalia. Niruhusu nikujibu sawasawa.

Anayepiga hesabu za taifa haulizi pasipoti. Anauliza maisha ya mtu yamejikita wapi: anaishi wapi, anapatia wapi riziki. Kipimo walichokubaliana mataifa ni mwaka mmoja. Aliyekaa nchi fulani mwaka au zaidi, au aliyekwenda kwa nia hiyo, ni mkazi wa huko. Basi Deo kwa uraia ni Mtanzania, kwa hesabu ni mkazi wa Uganda. Geti lake ni uzalishaji wa Uganda na ujira wake ni kipato cha Uganda. Angekwenda Kericho miezi mitatu kuchuma chai akarudi, angebaki mkazi wa Nansio, na ujira ule ungejumlishwa kwenye kipato cha taifa letu.

Hela anayotuma haijasahauliwa, ndugu yangu. Huandikwa kama uhawilisho, kwa kuwa mama ameipokea bila kutoa kazi wala bidhaa. Na yule fundi wa Nansio aliyelipwa kupandisha kuta, kazi yake imo katika pato letu la ndani, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa na wazalishaji walio wakazi wa nchi.

Sasa mwangalie mwanao Neema. Yuko mwaka wa tatu Makerere, analala kwa baba yake mdogo huyohuyo, wanapakua matoke sufuria moja. Yeye bado ni mkazi wa Tanzania! Mwanafunzi hubaki mkazi wa kwao hata masomo yakichukua miaka, na mgonjwa aliyefuata matibabu nje vilevile. Ada unayomlipia ni huduma ambayo Tanzania imeinunua kutoka Uganda. Siku nilipolielewa hili nilifunga daftari nikakaa kimya: nyumba moja, ukoo mmoja, nchi mbili.

Ziwa nalo lina mambo yake. Sisi tuna karibu asilimia 51 ya maji, Uganda 43, Kenya 6, na maji hayo ni sehemu ya eneo la kiuchumi la kila nchi. Lakini samaki huhesabiwa kwa nchi ya mkazi anayeendesha chombo. Mtumbwi wa shemeji yako wa Ukara ukivuka mpaka usiku ukarudi na sangara, sangara hao ni uzalishaji wa Tanzania, japo wamevuliwa maji ya jirani. Ndiyo maana huwa nawakataza wanafunzi wangu kuchora pato la ndani kama mstari wa ramani.

Neema akimaliza akapata kazi hukohuko, niandikie, maana hapo naye atahamia upande wa Deo. Msalimie mama. Mwambie Ijumaa napanda meli, aniwekee furu.

Wako,
Kulwa