Barua kwa Kaka: Mwanao Tumemwoza

Coventry, Uingereza
7 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, na Mama ameamka vyema na goti lake limetulia. Shemeji na watoto wote nawasalimu. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, ila nyumba imepwaya.

Nimeona nikuandikie kuliko kukupigia, maana siku ile ya nikaha mtandao ulikatika pale pale ambapo haukutakiwa kukatika, na sauti ulizonitumia baadaye nilizisikiliza zote, nyingine mara mbili. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mwanao, huyu binti yangu, ameolewa na mtu wa asili gani. La pili, kwa nini mahari ni kidogo vile, hata kilemba chako, ile zawadi ya wazee wa kiume wa bibi harusi, hakikutajwa. Wewe ndiye mkubwa wangu na Baba hayupo, kwa hiyo kuuliza ni haki yako. Nami nakujibu kwa kituo.

Kijana ni Mbarawa. Amezaliwa huku, lakini wazazi wake ni watu wa Barawa, ule mji wa pwani ulio kusini ya Mogadishu. Vita vilipoanza Somalia mwaka 1991, watu wa mji ule hawakuwa na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwakinga, wakaporwa na kuuawa majumbani mwao. Waliopata vyombo walishuka Mombasa. Baba mtu aliishi Mombasa kabla hajafika Uingereza, na Kiswahili chake ni kile kile cha Kisiwani, utadhani kazaliwa mtaa wa Kibokoni. Kwa hiyo waliokwambia tumemtupa mtoto kwa watu tusioelewana nao hawajui walisemalo.

Walipokuja kuposa walikuja na bibi yao, mtu mzima sana, anatembea kwa kushikwa mkono. Yeye huzungumza Chimini, lugha ya kwao Barawa. Nilitega sikio. Mwanzo yalinipita, kisha nikaanza kushika neno hapa na neno pale, hadi nikawa nafuata habari nzima, kwa sababu lugha ile na Kiswahili chetu ni damu moja. Mama watoto akamletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Bibi aliumega, akaunusa, akauliza kama mchele umelowekwa usiku kucha ukasagwa au ni unga wa dukani. Mama watoto akamjibu kwamba umelowekwa. Bibi akaitikia kwa kichwa, akala kipande cha pili. Kaka, niliposikia swali lile moyo wangu ulitua. Mambo mengine yote ya posa yale yalikwenda kwa wepesi.

Sasa mahari. Wewe unajua kuliko mimi, maana umesoma chuoni miaka mingi kunipita, kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Nilimkalisha mwanao mbele ya mama yake nikamwuliza anataka nini. Akataja vitu vitatu: Msahafu, mkufu wa dhahabu, na nauli ya kwenda Tanga, yeye na mumewe, wakamsalimie bibi yake kabla ya mwaka kwisha. Niliposikia hilo la tatu nilinyanyuka nikatoka uani, nikasimama huko mpaka nilipoweza kurudi. Mtoto aliyeondoka Barabara ya Kumi na Mbili akiwa na miaka 6, ambaye angeweza kutaka gari, akataka kwenda kwa bibi yake. Kwangu mahari hayo si kidogo.

Kilemba na mkaja, ile zawadi ya mama wa bibi harusi, sikuvidai. Lakini baba mtu alipopata habari kwamba bibi harusi ana baba mkubwa Tanga, alikwenda mwenyewe akanunua kilemba chako, cha sufi, rangi ya maziwa, na darizi ya kahawia pembezoni. Nimekiweka kabatini na kipande cha udi ndani yake. Hakitapitia mkononi mwangu. Bwana harusi atakuja nacho na atakuvisha yeye.

Nakueleza sasa ile sehemu uliyoikosa simu ilipokatika. Ilikuwa Jumamosi ya tarehe 23 Agosti, baada ya swala ya Alasiri, saa 11 na robo. Kwenu ilikuwa saa moja na robo usiku, mmeshatoka kuswali Magharibi, na najua mlikuwa mmekaa barazani mnatusubiri. Imamu aliniuliza kama nampa uwakili au naoza mwenyewe. Nikamwambia naoza mwenyewe. Kabla ya hapo nilikwenda upande wa wanawake na mashahidi wawili kuchukua idhini. Somo wake, yule kungwi, alikuwa amemshika bega. Harufu ya singo, manukato ya kumsingia mwari, aliyotuma shemeji niliipata kabla sijafika mlangoni, na hina ilikuwa imemkolea hadi viwikoni. Nikamwuliza, "Mwanangu, nikuoze kwa fulani bin fulani kwa mahari mliyopatana?" Kwetu mwari huinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo idhini yake. Huyu aliinua uso, akaniangalia, akasema, "Nioze, Baba."

Najua wako watakaosema hana haya. Mimi nililipenda jibu lile. Nilirudi kwa wanaume miguu ikiwa na nguvu, kwa kuwa nimelisikia kwa masikio yangu kutoka kinywani mwake. Nikamshika kijana mkono wa kulia, nikasema, "Nimekuoza binti yangu kwa mahari mliyopatana." Akajibu, "Nimekubali kumwoa," mara tatu, sauti haikutetemeka. Mkono ndio uliokuwa umelowa jasho, tena mimi ndiye niliyeusikia peke yangu. Halafu tukala halua na kahawa, na vigelegele vya upande wa pili vikapita ukuta.

Hapa nakuomba uwaambie wote wenye vijana huku, maana jambo hili linaumiza watoto wa watu. Nikaha ya msikitini pekee, kwa sheria ya Uingereza, kwa kawaida haihesabiwi kuwa ndoa. Wakija kuachana, mwanamke mahakamani huonekana kama hakuwahi kuolewa, na mali ya nyumba inaweza kumpita. Ndiyo maana nilishikilia kwamba waandikishe serikalini kwanza. Walikwenda ofisi ya usajili kutoa taarifa, wakangoja siku 28 kama sheria inavyotaka, na Alhamisi ile kabla ya nikaha wakafunga ndoa ya serikali mbele ya mashahidi. Hati ilipotoka niliisoma kwa miwani, maana siku hizi bila miwani sioni herufi. Tangu usajili wa ndoa uanze nchini hapa mwaka 1837, hati ilikuwa ikibeba jina la baba na kazi yake tu. Toka Mei 2021 na mama naye huandikwa. Basi kwenye hati ya mwanao nimo mimi, dereva wa basi, na yumo mama yake, mpishi wa shule. Mama watoto aliishika karatasi ile muda mrefu. Amempeleka mtoto shule kwenye theluji, amekaa naye usiku wa mitihani, na leo jina lake limeandikwa pale panapostahili.

Nimetaja miwani, basi nikwambie na mengine ya mwili. Mwaka huu nimetimiza miaka 54. Huku mtu akifika 40 mpaka 74, kama hana maradhi yaliyokwisha kujulikana, huitwa zahanati kila baada ya miaka mitano akapimwe presha, sukari na mafuta ya damu. Mwanao, kwa kuwa ni muuguzi, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka mwaka jana. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache (HbA1c) kilisoma 51, na kwa hesabu za hapa 48 kwenda juu ni kisukari. Nameza metfomini, chai nakunywa bila sukari, wali napakua kwa kijiko badala ya sahani, na natembea kila siku baada ya kazi. Sijambo kabisa, usimtie Mama wasiwasi.

Lakini Kaka, sisi ni watoto wa mtu mmoja. Baba tuliujua ugonjwa wake siku ile ile tuliyoambiwa hospitali ya Bombo kwamba mguu hauponi, unakatwa. Alikuwa akilalamika ganzi ya vidole tukidhani ni uzee na viatu. Nakuomba, kwa haki ya udugu, nenda Bombo ukapime damu, wakutazame na macho na nyayo. Nenda na shemeji. Usiniambie hujisikii chochote, hata mimi sikuwa najisikia chochote.

Ya kazi ni kwamba ghalani nimeacha. Kwa miaka mingi nilikuwa naingia saa 4 usiku natoka saa 12 asubuhi, na mwanao nilikuwa namwona anapovaa viatu vya shule na mimi navua vya kazi. Tulikuwa tunakaa ngazi moja, yeye anafunga kamba, mimi nafungua, ananieleza habari za jana yake. Dakika zile chache ndizo zilizonilea mimi kama baba. Sasa naendesha basi mchana, nalala usiku kama watu wengine. Kijana wetu wa pili yuko chuo kikuu Leeds, dada yake kaenda kwake, na tumebaki mimi na mama watoto, tunajuana upya. Tukitoka kuswali Magharibi tunatembea kando ya mfereji, na cha ajabu yeye ndiye anayetaja Pongwe kila mara. Anataka ile nyumba yetu ya huko Tanga iliyokomea kwenye lenta ipauliwe. Anasema anataka kuanua nguo kwenye jua la kweli.

Ninyi mnaniuliza kila Idi nitarudi lini, na mimi nimekuwa najibu Inshallah. Leo nakupa jibu kamili. Pensheni ya serikali hapa kwa rika langu hutoka ukifika miaka 67, na ili uipate yote lazima uwe umechangia miaka 35. Tena ukiipokea ukiwa Tanzania, haipandishwi mwaka kwa mwaka kama kwa anayeishi hapa, inaganda kwenye kiasi ulichoanzia. Na kibali changu cha ukaazi kinakufa nikikaa nje ya nchi zaidi ya miaka miwili mfululizo. Kwa hiyo kuhama moja kwa moja sasa hivi siwezi. Ninachoweza, na nimekwisha zungumza na mkuu wangu wa kazi, ni kupunguza siku za kazi kuanzia mwakani, na kila mwaka nije nyumbani kwa miezi, si kwa wiki mbili za kukimbizana na ndugu. Mama yupo, nataka nikae naye asubuhi anapokunywa uji. Wewe umembeba peke yako muda mrefu, umempeleka hospitali, umempokelea wageni, umeamka usiku. Pesa nilizotuma hazikufanya kazi hiyo. Umeifanya wewe, na nataka nikupokee.

Mwanao na mumewe watafika wiki ya pili ya Desemba. Watashuka Dar, kisha watapanda basi la Segera na Muheza, msiwafuate kwa gari la kukodi. Mwanao atahitaji viza, dola 50, kwa sababu alipochukua uraia wa hapa ukubwani ule wa kwetu ulimtoka, na nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto aliyezaliwa Bombo analipia kwenda kumwona bibi yake. Hilo linaniuma, na nimebaki na pasipoti yangu ya Tanzania kwa sababu hiyo hiyo.

Nakuomba wasilazwe hoteli, hata kama watu watasema mkwe aheshimiwe. Wape chumba cha mbele, kile cha dirisha la barabarani. Kijana hali pilipili, ila samaki wa kupaka akiwekewa hamalizi shukurani. Mwanao Kiswahili anacho, lakini cha vitabu hakijui. Akikosea watoto wasimcheke, wamsahihishe. Ijumaa watakayokuwepo msome hitima ya Baba, na gharama zote ni zangu, nitazituma mwezi wa kumi pamoja na pesa za mbao na bati za kule Pongwe. Fundi mwulize kama lenta ile bado inafaa au mvua zimeila, kisha nitumie picha.

Na majibu ya Bombo nitumie pia, namba kamili, usiniandikie "sijambo".

Msalimie Mama. Mwambie mkwe wake anakuja kumpa mkono.

Ndugu yako mdogo,
akupendaye.