Daftari la Desemba

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Huku mimi mzima, ila baridi imeanza, na saa kumi jioni giza limeshaingia. Natumai hapo Likoni hamjambo na wifi amepona mguu.

Mama ameniambia kwa simu kuwa wazee wa kanisa walikuomba uwe mweka hazina wa ujenzi, ukakataa. Eti wewe huna kipawa, huimbi wala huhubiri, na pesa ya kanisa ni kaa la moto. Nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi.

Huna kipawa? Nakukumbuka ulipokuwa makanga wa matatu ya Ukunda. Gari limejaa, huyu anashuka Waa, yule Tiwi, mmoja kakupa mia tano, wa nyuma elfu, na chenji ya kila mtu unayo kichwani. Leo kwenye kibanda chako cha M-Pesa, mama anasema ukifunga hesabu jioni haipotei hata shilingi. Ulidhani uliokota njiani?

Siku hizi tukisema talanta tunamaanisha sauti ya kuimba au mguu wa kupiga mpira. Katika mfano wa Yesu wa Mathayo 25, bwana aliyewaachia watumwa wake talanta, ilikuwa pesa hasa. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ndiyo ujira wa kibarua kwa siku moja. Piga hesabu mwenyewe, ukiondoa Sabato: karibu miaka 20 ya jasho. Kwa hiyo yule wa talanta moja hakupewa kidogo. Wala hakuiba. Aliogopa tu, akachimba shimo akaificha. Mimi namwonea huruma, kwa sababu namjua. Unakumbuka nilivyofundisha watoto shule ya Jumapili hapo nyumbani. Huku miaka miwili nilikaa benchi la nyuma kabisa, nikisingizia Kiingereza changu. Walipokosa mwalimu ndipo nikasimama. Watoto walinicheka matamshi wiki ya kwanza. Sasa wananisahihisha, tunaendelea.

Lakini sikusukumi ukubali hivi hivi, maana hofu yako ina msingi. Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa pesa wa Yesu na wanafunzi wake, na Yohana hafichi kwamba alikuwa akichukua kilichotiwa humo. Nakuwazia Jumamosi: keshi ya kibanda imeisha, wateja wa kutoa pesa wamepanga foleni, na elfu arobaini za mabati ya kanisa zimo kwenye droo. Utajiambia, nitazirudisha kesho kabla ya ibada. Na kwa kichwa chako hicho utazirudisha kweli, mara ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo hodari wa hesabu anapoanguka. Asiyejua hesabu hathubutu.

Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutaka shughuli ile iwe mikononi mwa mtu mmoja. Soma 2 Wakorintho 8: alimtuma Tito na ndugu wengine pamoja naye, akasema wazi hataki mtu awalaumu kwa habari ya mchango ule, mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Paulo huyo! Sisi ni nani tusitake mashahidi?

Basi rudi kwa wazee na masharti yako. Sadaka ya ujenzi ihesabiwe na watu wawili kabla haijatoka kanisani, na wote watie sahihi. Laini ya simu ya kanisa isikae kibandani kwako hata siku moja. Na kila mwezi hesabu isomwe kwa sauti, wasikie hata wale akina mama wauza viazi karai wanaotoa mia mia, kwa sababu wao ndio hawaulizi. Wazee wakikataa masharti hayo, kataa kazi, nami nitakutetea kwa mama. Wakikubali, huna pa kujificha.

Kuna dada wa kwetu anakuja Mombasa Desemba. Nimempa daftari kubwa la hesabu, jalada gumu, kurasa zina namba tayari ili mtu asichane moja kimyakimya. Ukikubali ni lako. Ukikataa mpe mama aandikie wanaomkopa mahamri, maana nasikia wamekuwa wengi.

Msalimie wifi na watoto. Nijibu wewe mwenyewe, usimtume mama.

Dada yako