Dada, Mama alikuwa anaomba maji

Dada, shikamoo.

Tangu matanga hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika mahali ambapo hata majirani zako watasoma. Kwa hilo nisamehe.

Unajua kazi yangu hapa Alice Springs, Australia, ni kuhudumia wagonjwa wa figo. Wengi ni wazee waliohama kwao kufuata mashine za kusafisha damu. Kuna bibi mmoja Mwarlpiri, kabila la wenyeji wa asili wa huku, kutoka Yuendumu, karibu kilomita 300 kutoka hapa. Akiwa kwenye mashine huweka mapajani kitabu chembamba cha watoto, mjukuu wake ameegemea kiti. Bibi anagusa picha ya mbwa, mtoto anasema maliki. Anagusa maji: ngapa. Vitabu hivyo huvitengeneza wenyewe. Wazee wanasimulia, mtu anarekodi na kuandika, wengine wanachora, wanabishana herufi mpaka wakubaliane. Kiingereza kipo, ila katika vingine wamekiweka kurasa za mwisho, mtoto aanze na cha kwao. Shule ya Yuendumu ilianza kufundisha kwa lugha mbili mwaka 1974. Mwaka 2008 serikali ya jimbo hili, Northern Territory, iliagiza saa nne za kwanza za masomo kila siku ziwe za Kiingereza. Wao wakaendelea kuandika. Waingereza walipokuja kukaa mwaka 1788, nchi hii ilikuwa na lugha zaidi ya 250. Zile ambazo watoto bado wanakua nazo nyumbani leo ni kama 12. Kiwarlpiri kimo.

Utasema Kijaluo kina mamilioni ya watu, hakifi. Kweli. Kwako kimekufa.

Siku ya tatu baada ya kuzika, mwanao aliniambia kwenye simu: “Mjomba, usiku ule Bibi alikuwa anaimba pi, pi, pi. Nikamfunika shuka.”

Sikulaumu kwa kulala. Ulikuwa umemuuguza wiki tatu peke yako, na Mungu anajua. Lakini kiharusi kilikuwa kimemwondolea Mama Kiswahili chote, na wewe ulilijua hilo. Miya pi, nipe maji. Mtoto wa miaka tisa, jagi liko mezani, anamfunika shuka bibi yake mwenye kiu! Tena mtoto mwenye jina la bibi yetu, ambaye Mama hakuwahi kumwita vingine ila “mama”. Alikuwa anamwomba mama yake maji.

Ni wewe uliyekataza kilugha ndani ya nyumba, eti kitamharibia Kiingereza cha shule. Mama hakubishana. Akawa anaongea Kijaluo na kuku wake.

Najua utaniuliza, na wako je? Wangu wanaongea Kiingereza, ndiyo. Nilikuwa na zamu za usiku, narudi wanaondoka shule, na mama yao si Mjaluo. Ningewafundisha saa ngapi? Na kuhusu msiba, nauli ilikuwa ama mimi nije, ama jeneza na chakula cha waombolezaji. Nikatuma. Sikukimbia, Dada. Wewe ulikuwa na Mama sebuleni, mimi nilikuwa na simu. Lakini mimi, mgeni huku, bibi wa watu akisema ngapa naelewa.

Huku mtu akifa jina lake halitajwi. Aliye hai mwenye jina hilo huitwa Kumunjayi kwa muda, na picha ya marehemu kwenye kitabu hufunikwa mpaka ndugu waruhusu. Ndiyo maana humu sijamtaja Mama kwa jina. Nimeona nikusubiri wewe mkubwa.

Nimeanza kitabu. Daftari tu, usitegemee makubwa. Kijaluo juu, Kiswahili chini, picha kachora mwanangu wa pili ambaye kwetu Rorya hajawahi kuiona, kwa hiyo ziwa limetoka jekundu kama mchanga wa huku. Ni habari za Mama na uvuvi, zile alizotusimulia umeme ukikatika. Nimefika ukurasa wa saba nimekwama. Ule mtego wa matete aliokuwa akiutega babu mtoni, Mama alikuwa akiuita nini? Nimeuliza watu, kila mmoja ananipa neno lake, na hakuna lililo lile la Mama. Wewe ulikuwa unakaa karibu naye kuliko mimi.

Ukurasa nimeuacha na picha tu. Niandikie neno hilo, hata kama hutaki kuniandikia kitu kingine.

Mdogo wako