Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Chake Chake, Pemba

Mlezi wa Jumuiya, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanajumuiya, Assalaamu alaykum.

Hesabu za fedha atazisoma Mshika Fedha, na orodha ya vikao imo kwenye karatasi za Katibu mlizogaiwa mlangoni. Mimi nitashika jambo moja lililotushughulisha kuliko yote: vijana wetu wanahitimu mafunzo ya ubunifu kwa wingi, lakini wanaopata ruzuku na kuimaliza salama ni wachache mno.

Mafunzo hayajapungua. Aliyetaka kujifunza namna ya kulieleza wazo lake kwa dakika tatu, mwaka huu hakukosa pa kwenda. Wapo wenzetu wenye vyeti vya kupamba ukuta mzima na bado hawajapata mteja wa kwanza. Kwa hiyo Kamati ilibadilisha mpango katikati ya mwaka. Anayejiunga nasi sasa hukaa darasani siku chache, kisha huenda kwa yule anayetarajia kumuuzia, akakaa naye kazini, na akarudi kutueleza alichokiona.

Kundi la mwani ndilo lililotufunza zaidi. Vijana wetu walikuja na programu ya simu ya kuwaunganisha wakulima na wanunuzi, wakaitisha mkutano na kinamama wa upande wa Micheweni. Hakuja mtu. Ilikuwa bamvua, maji yametoka, kila mmoja yuko pwani anafunga mbegu au anavuna, na siku hizo mkulima wa mwani hazipotezi kwa mkutano wa mtu yeyote. Walirudi wakati wa maji mafu, wakapata watu na wakapata majibu. Mnunuzi kinamama wanamjua, na bei yake wanaijua kabla hajashuka garini. Tabu yao ni mvua inayoukuta mwani umeanikwa, na kumbukumbu za mizani: nani kapeleka kilo ngapi, kalipwa ngapi, anadai ngapi. Programu ikaandikwa upya. Sasa ni daftari la mizani linalofanya kazi bila intaneti na kutuma kumbukumbu pale mtandao unapopatikana. Haina mbwembwe za kushindia tuzo, lakini kinamama wanaitumia, na mimi naipenda kuliko zote nilizoziona mwaka huu.

Karafuu nayo ina somo lake. Kila msimu hutokea mtu na wazo la soko la karafuu mtandaoni. Karafuu kwa mujibu wa sheria hununuliwa na ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, kwa hiyo soko hilo halina pa kusimama, na mkufunzi aliyetoka nje ya Zanzibar hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe. Kazi iko shambani. Wachumaji hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo, na mwenye mikarafuu mingi hubishana nao kila jioni. Mwenzetu mmoja wa Mtambile ametengeneza hesabu ya pishi inayotumia ujumbe mfupi, simu ya kitochi inatosha. Tumekubaliana pia kwamba mafunzo hayatapangwa tena wakati wa uchumaji. Na vikao vya baada ya Magharibi tumevihamishia asubuhi. Wanawake waliongezeka mara moja, bila ya tangazo wala mradi wa jinsia.

Sasa ruzuku. Kwanza tutenganishe: mikopo ya ZEEA, wakala wa Serikali ya Zanzibar wa kuwawezesha wananchi kiuchumi, ni mikopo, inarejeshwa, na inamfaa mwenye biashara inayozunguka. Ruzuku hairejeshwi, lakini mwenye nayo hutoa hesabu ya kila shilingi. Wengi wenu mlijaribu Tony Elumelu Foundation ya Nigeria, ambayo tangu 2015 hutoa dola 5,000 za Marekani kwa wajasiriamali wa nchi zote za Afrika wenye biashara isiyozidi miaka mitano. Dirisha lake hufunguliwa tarehe 1 Januari, na miaka ya karibuni limekuwa likifungwa 1 Machi, na kila mwaka tunao watu wanaoanza kutafuta karatasi mwisho wa Februari. Wengine waliomba Funguo, programu ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP) Tanzania inayosaidiwa na Umoja wa Ulaya. Wachache walikwenda MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019; huko kinachopimwa ni ubunifu wenyewe, na anayefanya vizuri huweza kuendelezwa na COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia.

Kamati iliyapitia maombi yaliyokataliwa, kwa ruhusa ya wenyewe. Mawazo hayakuwa mabaya. Yalianguka kwenye karatasi. Fomu ya mfadhili mmoja ilidai namba ya BRELA, wakala wa kusajili kampuni, nayo ni ya Bara. Kampuni zetu husajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar. Waliouacha mstari ule wazi waliondolewa kabla maombi yao hayajasomwa. Katibu aliandika barua kueleza tofauti hiyo, na mfadhili akakubali cheti cha BPRA. Barua hiyo ipo ofisini, kila mwombaji aiambatanishe. Wengine walinakili bajeti za wenzao wa Dar es Salaam pamoja na kodi yake ya ongezeko la thamani (VAT), na ilhali VAT ya Bara na ya Zanzibar ni sheria mbili tofauti, moja chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na nyengine chini ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Wengine akaunti ya benki ilikuwa ya mtu binafsi, jina la kampuni halimo.

Waliofanikiwa nao walikwama mbele. Ruzuku huja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki mpaka uonyeshe kwamba ya kwanza imefanya kile ulichoahidi. Mtu akiitumia awamu ya kwanza kwa kodi ya ofisi na kompyuta mpya, akanunua vifaa Kariakoo bila ya risiti ya mashine, atakuwa na ofisi nzuri na hana cha kuripoti. Huyo hapungukiwi na wazo wala bidii. Anahitaji mtu wa kumkagua kila mwezi, na kazi hiyo ni ya Jumuiya.

Wenye programu zinazopokea fedha za wateja na kuzishikilia kwa niaba yao nawakumbusha kwa ufupi: malipo ni jambo la Muungano, yako chini ya Benki Kuu ya Tanzania na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015. Jiungeni na mtoa huduma mwenye leseni, msijifanye benki.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu Silicon Zanzibar, mpango wa Serikali uliotangazwa 2022, na kuhusu tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililoanza kufundisha Bweleo, Unguja, mwaka 2023. Yote mawili ni heri. Ila Silicon Zanzibar inalenga kuvutia kampuni za teknolojia zije kuweka makaazi Zanzibar; mwanzilishi wa Konde anayesubiri ruzuku kutoka huko amekaa foleni isiyo yake. Bweleo ni chuo, na kijana wetu aliyefaulu hisabati asiogope kuomba.

Kwa mwaka ujao Kamati inaleta kwenu maazimio haya myapigie kura. Mafunzo yapunguzwe, na fedha itakayobaki imlipe mhasibu wa muda atakayepitia hesabu za kila mwenye ruzuku kwa mwezi. Kila ombi lisomwe na wanachama wawili kabla halijatumwa, mmoja wao awe amewahi kupata ruzuku. Anayepata ruzuku kwa msaada wa Jumuiya amsimamie mwombaji mmoja mpaka mwisho. Najua azimio hili la mwisho lina wapinzani humu ukumbini. Waseme, wasinung'unike barazani.

Ada za wanachama zipokewe na Mshika Fedha kabla ya sala ya Adhuhuri. Wanaogombea nafasi ya Naibu Katibu wachukue fomu kwa Katibu leo hii, na wa Wete na Mkoani watapewa nauli ya kurudi wakitia saini.