Vita vya 1686 visiachwe nje ya historia ya Kampuni ya India Mashariki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu namna Waingereza walivyoitwaa India imeanzia vita vya Plassey vya mwaka 1757, ambavyo Waingereza walishinda huko Bengali, na msomaji akiimaliza atadhani kwamba Dola ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India, haikuwahi kuidhibiti Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Waingereza. Naomba nafasi nipinge dhana hiyo.

Miaka 71 kabla ya Plassey, kampuni hiyo iliishambulia dola na ikashindwa vibaya. Ugomvi ulikuwa wa ushuru. Huko Bengali kampuni ilishazoea kulipa rupia 3,000 tu kwa mwaka badala ya ushuru wa forodha, ilhali biashara yake ya hariri, vitambaa na shura (chumvi ya kutengenezea baruti) ilikuwa ikikua, na maofisa wa liwali Shaista Khan walitaka ilipe kwa kadiri ya mali inayopitisha. Josiah Child, mkuu wa kampuni kule London, akatuma meli na askari, pamoja na amri ya kuiteka bandari ya Chittagong. Mapigano yalizuka katika mji wa Hugli, Bengali, mwezi Oktoba 1686. Job Charnock, wakala mkuu wa kampuni huko Bengali, na watu wake wakasukumwa hadi Hijli, kwenye vinamasi, ambako homa iliwaua wengi.

Kilichotokea Bombay ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki. Gavana wa kampuni huko, John Child, alikamata meli za raia wa dola, hata zilizobeba nafaka ya jeshi la Siddi Yakub Khan, amiri wa majeshi ya majini ya Mughal aliyekuwa na ngome yake Janjira. Masiddi walikuwa na asili ya Uhabeshi, yaani mababu zao walitoka upande wetu huu wa Bahari ya Hindi. Mwaka 1689 Yakub aliteremsha askari kisiwani Bombay, akawabana Waingereza ndani ya ngome yao, na hakuondoka hadi Juni 1690. Nasikitika kwamba jina lake halimo hata mara moja katika makala yenu.

Kampuni ilituma wajumbe kwa mfalme Aurangzeb kuomba radhi. Alikubali kwa masharti: walipe fidia ya rupia 150,000, warudishe mali waliyopora, na John Child aondolewe; gavana huyo alifariki mwanzoni mwa mwaka 1690. Sidhani kama msamaha huo ulitokana na huruma. Hazina ilihitaji fedha iliyoletwa na wafanyabiashara wa Ulaya, majeshi yalikuwa yamezama katika vita vya Deccan, kusini mwa India, na meli za mahujaji wa Makka kutoka bandari ya Surat zilipita katika bahari ambayo Waingereza waliweza kuivuruga. Dola ilikuwa na nguvu nchi kavu, lakini baharini ilikuwa dhaifu, na udhaifu huo ndio uliostahili kuchambuliwa kwa kina kabla ya kufika Plassey.

Agosti mwaka huohuo wa 1690, Charnock alirejea Sutanuti, kando ya mto Hugli, akaanzisha kituo kilichokuja kuwa jiji la Calcutta. Naomba sehemu ijayo ya makala yenu irudi nyuma hadi hapo.

Msomaji wenu,
Tanga