Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Kisumu

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi, tunakukaribisha Kisumu kwa furaha. Ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mgeni wetu, muhula huu tumefuga nzi wa matunda katika chupa za jemu, kwa ndizi zilizoiva sana kutoka soko la Kibuye na hamira kidogo. Yai la nzi huyu lina urefu wa takriban nusu milimita, na katika nyuzi 25 huanguliwa baada ya siku moja hivi. Buu akitoka, tumboni ana mikanda ya vimeno vidogo mno, na kati ya mkanda na mkanda pana ngozi laini.

Mpangilio huo ndio uliotuvutia. Ngozi laini hutokea pale seli zinapopokea ujumbe wa protini iitwayo Wingless. Juu ya seli hizo kuna proteoglikani, yaani protini zilizobeba minyororo mirefu ya sukari iitwayo heparani salfeti. Minyororo hiyo hunasa Wingless isipotee na kuisaidia kukutana na kipokezi chake. Kuna jeni iitwayo sulfateless, inayotengeneza kimeng'enya cha kuitia minyororo salfeti. Kiinitete kikiikosa, na mama naye asiache akiba ndani ya yai, ujumbe haushiki hata kama jeni ya Wingless ni nzima. Ngozi laini hupotea, vimeno hutapakaa tumboni. Sukari, ambayo darasani tunaijua kama chakula, huchangia kuupa mwili umbo! Jambo hili bado linatusisimua.

Wala si la nzi peke yake. Mwaka 1998 watafiti walieleza jeni ya nzi iitwayo tout-velu, inayohusika na kuunda minyororo hiyo hiyo ya sukari, na inayohitajika ili ujumbe mwingine, Hedgehog, usafiri kati ya seli. Jeni hiyo ni ndugu ya EXT1 ya binadamu, ambayo ikiharibika humfanya mtoto aote vinundu vya mifupa.

Mheshimiwa, tuna hadubini moja tu, nayo hutegemea kioo na mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, mikanda haionekani. Tunaomba utusaidie kupata hadubini mbili za umeme, na utuombee nafasi ya kuzuru maabara ya Chuo Kikuu cha Maseno.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Sayansi.